Televisheni Bapa na Fedha ya Karafuu



Msimu ukisha, karafuu zikaanikwa, zikapimwa, na kila mwenye haki yake akapokea, huonekana jambo moja katika njia za kutoka Chake Chake kwenda mashamba. Juu ya magari ya abiria utayaona maboksi mapana, membamba, yamelazwa na kufungwa kamba kwa uangalifu kuliko magunia ya mchele. Mwenye boksi hakubali kukaa ndani kabisa. Hukaa karibu na mlango, na kila gari likiruka shimo hutoa kichwa akatazama juu. Ndani ya maboksi hayo mna televisheni bapa, zile ambazo vijana huziita flati. Za zamani twaziita za chogo, kwa sababu ya migongo yao.

Sisemi kwamba ni makosa. Mwenye shamba naye ana haki ya kukaa kwake jioni akatazama khabari, mpira na mawaidha. Ila wanachama wengi wamekuja ofisini kuniuliza, huyu anataka kujua 4K ni kitu gani, yule anataka kujua kwa nini televisheni mbili za kimo kimoja zimepishana bei kwa nusu. Juu ya hayo, mkutano wetu mkuu umekubali kwamba barza ya chama inunuliwe televisheni, na kazi ya kuzitafuta bei nimepewa mimi. Nimezunguka maduka ya Chake Chake na Wete, na nilipovuka kwenda Unguja kwa shughuli nyengine nikapita Darajani. Basi nimeona niyaandike niliyoyaona, yawafae wale wanaonunua kwa fedha zao wenyewe.

Chombo hiki si kigeni visiwani kwetu. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ilianza na rangi, hali Tanzania Bara haikupata televisheni mpaka 1994. Sisi wa Pemba umeme ndio uliotuchelewesha, kwani mpaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, tulikuwa tukitegemea majenereta ya mafuta. Leo nyumba nyingi zina waya. Shida yetu sasa ni kuchagua, na kuchagua sharti mtu ajue anachokitaka kabla hajaingia dukani.

Mimi niliponunua yangu sikujua. Ulikuwa msimu mzuri, na nilikwenda dukani na fedha yote ya shamba katika mfuko wa shati. Ndani yake mlikuwamo na fedha niliyoitenga kwa palizi na kwa majamvi mapya. Muuzaji akanionyesha ya inchi 32, kisha ya 43, kisha akanisimamisha mbele ya ya inchi 55 iliyokuwa ikionyesha samaki wa rangi wakipita katika matumbawe. "Hii ndiyo ya mtu kama wewe, bwana," akaniambia. Nikalipa.

Sebule yangu, toka ukutani hadi kitini, haitimii mita mbili. Mpira ukichezwa ilinibidi nigeuze shingo kumfuata mwenye mpira, na picha ya king'amuzi, ambayo katika televisheni ndogo ya jirani ilikuwa safi, kwangu ilionekana kama kitambaa kilichovutwa kikafumka. Walakini hayo yalikuwa madogo. Shamba halikupata palizi. Msimu uliofuata wachumaji waliingia katika magugu ya kiunoni, na karafuu zilizodondoka chini hazikuokotwa. Majamvi niliazima, nami nikiyapata siku ambazo wenyewe hawayataki. Karafuu za siku mbili zikapigwa na mvua zikashuka daraja. Hasara yake sikuipiga hesabu kwa kalamu, niliogopa.

Kisha, mwaka mmoja na miezi miwili tangu kuinunua, picha ikapotea usiku mmoja, sauti ikabaki. Mama yangu akasikiliza taarifa ya khabari mpaka mwisho, akanigeukia: "Hii sasa ni redio, mwanangu. Na redio tulikuwa nayo."

Nilimwita fundi. Alizima taa ya chumba, akamulika kioo kwa tochi kwa karibu, na tazama, watu walikuwamo humo ndani wakitembea, wamefifia kama vivuli. Akanifahamisha. Televisheni bapa nyingi tuzinunuazo, zile zilizoandikwa LED, kioo chao hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake zimepangwa taa ndogo ndogo katika vipande vya ukanda, na mwanga wa taa hizo ndio unaopita katika kioo na kuileta picha kwenye macho. Taa zikifa, picha ipo lakini haionekani. Dawa yake ni kubadilisha ukanda, na bei yake si kubwa. Kioo chenyewe kikipasuka ndio msiba, kwani kioo kipya huwa na bei ya kukaribia televisheni mpya. Akaniuliza mwanga niliuweka kiasi gani. Niliuacha kama ulivyotoka dukani, juu kabisa, na siku zote chombo kimechomekwa ukutani bila kinga yoyote, umeme ukikatika na kurudi. Fundi hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Sasa tuje kwenye kuchagua.

La kwanza ni kimo, nacho kipimwe nyumbani kabla ya safari ya dukani. Inchi za televisheni hupimwa toka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili, si upana. Kwa hivyo ya inchi 32 ina upana wa kiasi cha sentimita 71 na urefu wa 40. Ya 43 ina 95 kwa 54. Ya 55 ina 122 kwa karibu 69. Watu hudhani kutoka 32 hadi 43 ni hatua ndogo, kumbe kioo cha 43 kina eneo lililozidi la 32 kwa asilimia 80. Chukua futikamba, pima toka ukutani hadi pale unapokaa khasa, si pale unapotaka wageni waamini unakaa. Mita mbili, ya 32 yatosha na ya 43 ni neema. Mita mbili na nusu mpaka tatu, 43 ni sawa, na mwenye uwezo aende 50 au 55. Kata gazeti kuukuu kwa kipimo cha kioo ulichokipenda, ulibandike ukutani, ulitazame jioni mbili tatu. Mke wangu ndiye aliyenifundisha hili, lakini baadaye.

La pili ni nukta. Picha yote imeshonwa kwa nukta ndogo, na maneno HD, Full HD na 4K ni idadi ya nukta hizo tu. Ya HD katika televisheni ndogo kwa kawaida ina 1366 kwa 768. Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Muuzaji ataishia hapo: nane ni bora kuliko mbili. Lakini jicho la mtu lina mpaka wake. Mbele ya kioo cha inchi 43 cha Full HD, mtu mwenye macho mazima akisharudi nyuma zaidi ya kiasi cha mita 1.7 hawezi tena kuzibagua nukta moja moja. Basi aliyekaa mita mbili na nusu, akilipa zaidi kwa ajili ya 4K katika kimo hicho, amenunua nukta milioni 6 asizoweza kuziona. Tena stesheni nyingi tuzipatazo kwa ving'amuzi hazirushi picha ya 4K hata kidogo. Nitasema na upande wa pili wa haki: kuanzia inchi 50 kwenda juu, karibu zote mpya zilizomo madukani ni 4K, kwa hivyo huko hakuna la kuchagua, utaipata utake usitake. Ubishi huu ni wa wanunuzi wa 40 na 43.

Vibandiko vyengine vya mbele nitavipita upesi. HDR maana yake ni picha yenye weupe mkali na weusi mzito kwa pamoja. Televisheni ya bei ndogo huipokea picha hiyo lakini haina mwanga wa kutosha kuionyesha, kwa hivyo neno lipo kwenye boksi na jambo halipo kwenye kioo. Tofauti ya milioni moja kwa moja ya weusi na weupe, usiisome. Kila kiwanda huipima kwa njia inayokipendeza. Zile namba za mwendo wa picha, 200 au 240 na zaidi, nyingi ni za kubuniwa na viwanda. Muulize muuzaji kioo chenyewe hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, na jibu la kweli kwa televisheni za kawaida ni 50 au 60. QLED ni LED ile ile iliyotiwa kitu cha kuzinawirisha rangi. OLED ndiyo yenye kila nukta kutoa mwanga wake yenyewe, na weusi wake ni weusi kweli. Ni nzuri mno, nami nimeitazama kwa muda, kisha nikatazama bei nikatoka nje.

Lisiloandikwa kwenye boksi, na kwetu lina maana kubwa, ni namna picha inavyoonekana ukiwa ubavuni. Nyumba zetu watu hawakai wawili katika kochi wakikabili kioo. Babu yuko kwenye kiti chake pembeni, watoto wako chini mkekani, jirani amesimama mlangoni. Vioo viko namna mbili kubwa: namna moja ina weusi mzuri ukiwa mbele lakini ubavuni rangi hupauka, ya pili weusi wake ni hafifu kidogo lakini hutazamika kutoka pembeni. Huna haja ya kujua majina yao. Dukani simama mbele, kisha tembea pole pole mpaka ubavuni, utazame nyuso za watu katika picha. Zikigeuka majivu, muachie mwenye duka.

Sauti nayo ni udhaifu wa zote. Televisheni bapa haina nafasi ya spika kubwa, na vile vidogo vilivyomo mara nyingi huelekea chini au nyuma. Mwenye redio kubwa nyumbani atazame kama televisheni ina tundu la kutolea sauti, aiunganishe, asilipe zaidi kwa maneno ya kusifia spika.

Kisha kuna hizi ziitwazo smati, zenye intaneti ndani. Hapa nawaomba mtulize akili. Mwenye intaneti ya kudumu nyumbani itamfaa. Anayenunua bando la simu ajue kwamba kutazama picha safi ya HD kwa saa moja huweza kula kiasi cha giga 3. Filamu mbili usiku wa Ijumaa na bando la mwezi limekwenda. Tena programu za humo ndani huzeeka kabla ya kioo. Baada ya miaka kadhaa kiwanda huacha kuzitengeneza upya, na chombo kizima kikaanza kusitasita. Mwenye televisheni ya kawaida yenye tundu la HDMI anaweza baadaye kununua kijiti kidogo cha intaneti akakichomeka hapo, kikizeeka akakitupa kijiti na televisheni ikabaki. Kwa ajili hii mimi nahesabu matundu kuliko ninavyohesabu programu. HDMI ziwe mbili kwa uchache, moja ya king'amuzi na moja ya akiba, na USB moja. Mwenye king'amuzi cha zamani chenye nyaya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na manjano, ahakikishe matundu yake yapo, maana mpya nyengine zimeyaondoa.

Nyuma ya televisheni pana kibandiko cha wati. Nyingi za inchi 43 ziko kati ya 60 na 100. Tuchukue 80, kwa saa tano kila siku: ni uniti 12 kwa mwezi. Ya 55 yenye wati 130 itakula karibu uniti 20. Kupunguza mwanga wa kioo kunapunguza ulaji huo na kunazirefushia taa umri wake, na chumba cha usiku hakihitaji mwanga wa dukani. Mwenye shamba la mbali anayetumia umeme wa jua aulizie zile za volti 12, ziko. Na kila mtu, wa mjini na wa shamba, anunue kile kidude cha kinga ambacho mafundi hukiita gadi, ambacho umeme ukirudi hungoja utulie kwanza ndipo ukaupitisha. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya chombo.

Wapo waletewao na jamaa zao wa Maskati na Dubai. Umeme wa huko wafaa kwetu, ila aulize kama dhamana ya kiwanda inafuata chombo mpaka hapa. Mara nyingi hubaki katika nchi kilikonunuliwa. Ya mtumba iliyotoka Japani ni jambo jengine. Japani hutumia volti 100, kwa hivyo yataka transfoma, na kipokezi chake cha ndani kimetengenezwa kwa mitambo ya kwao, hakisomi matangazo yetu. Yaweza kufaa kwa king'amuzi tu, na bei iwe ndogo kwa kadiri hiyo.

Sasa fedha. Mkulima wa karafuu ahesabu kwa kilo. Gawa bei ya televisheni kwa bei ya kilo ya daraja lako, upate kilo kavu. Kisha zidisha kwa 3, maana kilo moja kavu hutoka katika kiasi cha kilo 3 mbichi. Tuseme umepata kilo 45: hizo ni kilo 135 zilizopandiwa mitini, zikabanjuliwa, zikaanikwa na kuanuliwa. Tena si faida yako hiyo, kwani wachumaji na gari vimeshakula sehemu yake. Hapo ndipo utakapojua kama 4K ya inchi 43 yastahili kilo 10 zaidi ya Full HD. Wengine watasema yastahili, na shamba ni lao.

Lakini kuna hesabu moja sitaiachia kwa adabu. Nimesikia wanachama wetu wamechukua televisheni kabla ya msimu, wakakubaliana kulipa karafuu zikivunwa, kwa bei iliyozidi ya dukani kwa mbali, na mwengine amekodisha mikarafuu yake ikiwa maua bado kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wetu walizama katika madeni ya kukopea mavuno ambayo hayajawa, hata serikali ya wakati huo ikatoa sheria 1934 za kuzuia mashamba yasichukuliwe kwa madeni. Nao walikopa kwa ajili ya kula na kuoza watoto. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, hilo hakuna asiyelijua hapa. Asiye na fedha mkononi asubiri, na televisheni za mwaka huu mwakani huwa na bei ndogo zaidi.

Mwenye fedha mkononi, akifika dukani aitake rimoti. Televisheni za maonyesho huwekwa mwanga na rangi za kupita kiasi. Izungushe iwe namna ya nyumbani. Achukue kijiti cha USB chenye mpira uliochezwa usiku na filamu yenye giza, aviangalie hivyo, si samaki wa matumbawe. Awekewe picha nyeupe tupu, atafute nukta iliyokufa, kisha nyeusi tupu, atazame pembe kama mwanga unavuja. Dhamana iandikwe na namba ya chombo. Na boksi lisilazwe juu ya gari! Lisimamishwe wima ndani, hata kama utalilipia nauli ya mtu mzima, kwani kioo kilicholazwa hupokea kila shimo la njia katikati ya tumbo lake.

Yamebaki ya barza. Mstari wa mwisho wa viti uko mita tano kutoka ukutani, na watu wengi hukaa pembeni, kwa hivyo hapa kimo na kuonekana ubavuni ndivyo vinavyotakiwa kwanza. Nimependekeza ya inchi 55, isiyo na sifa nyengine, na ile amplifaya yetu ya mikutano iunganishwe kwa sauti. Wapo waliotaka ya 65. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza, "Bwana Katibu, hiyo 65 itatuanikia karafuu?" Nikamwambia, la, Mzee wangu. Tofauti ya bei baina ya 55 na 65, kwa bei nilizozipata, yatosha kununua majamvi mapya ya kuazimisha wanachama, nami nimeliandika hilo katika pendekezo.

Karatasi ya bei tatu imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kamati itakutana Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala. Mwanachama aliyepata bei nafuu zaidi ailete kabla ya siku hiyo, pamoja na jina la kiwanda na namba ya aina yake, maana "ya inchi 55" peke yake hatutaweza kuilinganisha na chochote.

Katibu